Udhaifu Unaorudi Miaka Mingi Baada ya Kiharusi

Kiharusi, ambacho wakazi wengi wa mkoa wa Haut-Katanga, nchini Kongo, hukitaja kwa herufi za Kifaransa, AVC, ni jeraha la ubongo linalotokea pale mshipa wa damu unapoziba au kupasuka, hata sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo ikakosa damu na kuanza kufa kwa muda wa dakika chache tu. Siku za mwanzo za ugonjwa huu zimeelezwa mara nyingi katika magazeti na redio. Yasiyoelezwa sana ni yale yanayompata aliyenusurika baada ya miaka mitano, kumi au zaidi, pale mguu uliokwisha kurudi kukanyaga vizuri unapoanza tena kuburuzika, mkono uliojifunza upya kushika kijiko unapoangusha vitu, na mwili mzima unapolemewa na uchovu ambao hata usingizi wa usiku mzima hauuondoi. Jamaa zake husema ugonjwa umerudi, majirani husema ni uzee, wengine hunong'ona kwamba amerogwa mara ya pili, na wapo wanaomwona mvivu. Kauli zote hizo, ingawa hutoka kwa watu wanaomtakia mema, huwa na hasara moja, kwamba hukatisha uchunguzi kabla haujaanza. Ukweli ni kwamba udhaifu huu una sababu kadhaa zisizofanana, nyingi kati yake zina dawa au nafuu, na kosa la kuzichanganya laweza kumgharimu mgonjwa uwezo wake au uhai wake.

Katika mji kama Sakania, kuzitenganisha sababu hizo ni jambo la fedha na la safari pia. Mji huu wa mpakani, uliofikiwa na reli kutoka kusini mwaka 1909, mwaka mmoja kabla reli hiyo haijafika Lubumbashi, uko umbali wa zaidi ya kilomita 150 kutoka Lubumbashi hata ukipimwa kwa mstari ulionyooka, ilhali Ndola, ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, haifiki kilomita 40 kwa kipimo hichohicho. Hospitali kubwa za mkoa, yaani Hospitali ya Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ziko mbali na mtu ambaye mguu wake mmoja haumbebi, na kuvuka mpaka kunataka hati, fedha za kigeni na mtu wa kumsindikiza. Familia inayoamka asubuhi na kumkuta mzee wao ameshindwa kuinua mkono inalazimika kuamua upesi kama ni jambo la kusafiri leo, la kwenda kituo cha afya cha karibu, au la kubadilisha mazoezi na ratiba ya nyumbani, na uamuzi huo unahitaji maarifa ambayo aghalabu hakuna aliyeipa siku mgonjwa alipotoka hospitalini.

Wanaoishi na hali hii si wachache, wala si wazee peke yao. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na katika sehemu za jiji la Dar es Salaam, ulihesabu viharusi vipya 636 katika jamii mbili zilizofuatiliwa nyumba kwa nyumba, na kuonyesha kwamba, baada ya tofauti za umri kusawazishwa, wakazi wa Dar es Salaam walipatwa kwa kiwango kikubwa kuliko kile kilichojulikana katika nchi nyingi tajiri. Kwa kuwa barani Afrika kiharusi huwapata watu katika umri mdogo zaidi kuliko Ulaya, anayenusurika huwa bado ana shamba la kulima, watoto wa kusomesha na pengine miaka thelathini ya kuishi, na hapo ndipo suala la udhaifu unaorudi linapopata uzito wake.

Ili kuelewa kwa nini nguvu zilizopatikana kwa jasho zaweza kupotea tena, ni lazima kwanza ieleweke zilipatikanaje. Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Mgonjwa anapopata nafuu, kinachotokea ni kwamba sehemu za jirani, na wakati mwingine hata za upande wa pili wa ubongo, hujifunza kazi ya zile zilizopotea, uwezo ambao wataalamu huuita unyumbufu wa ubongo. Njia hizi mpya ni kama barabara ya mchepuko inayochongwa porini daraja linapovunjika: wakati wa kiangazi malori hupita bila shida, hata mgeni asijue kwamba daraja halipo, lakini mvua kubwa ikinyesha msafara hukwama mahali palepale. Chochote kinachoudhoofisha mwili mzima, kiwe homa, njaa au kukosa usingizi, huigusa kwanza njia hii iliyo dhaifu, na dalili za zamani huonekana tena ingawa hakuna mshipa mpya ulioziba.

Hali hiyo si dhana tu. Mwaka 2002 watafiti wa New York waliwapa watu waliokwisha kupona viharusi kipimo kidogo cha midazolamu, dawa ya kutuliza iliyo katika jamii moja na diazepamu inayojulikana sana kwa jina la Valium, wakaona udhaifu au ugumu wa kusema uliokuwa umetoweka ukirudi kwa muda mfupi na kisha kuondoka dawa ilipoisha nguvu. Mwaka 2017 madaktari wa Massachusetts General Hospital, mjini Boston, walichapisha maelezo ya wagonjwa 153 waliorudiwa na dalili zao za zamani, kwa wastani karibu miaka minne baada ya kiharusi, bila picha za ubongo kuonyesha jeraha jipya. Vichochezi walivyovitambua vilikuwa maambukizi, kushuka kwa shinikizo la damu, kupungua kwa sodiamu, yaani madini ya chumvi yaliyomo katika damu, kukosa usingizi au kuwa na msongo wa mawazo, pamoja na dawa za kutuliza, na takribani watu 7 kati ya 10 walirudi katika hali yao ya kawaida katika muda wa siku moja.

Matokeo ya Boston yakiletwa Haut-Katanga hupata sura ya mahali. Maambukizi ya kwanza ya kufikiriwa hapa ni malaria, ambayo humpata mtu mzima mara nyingi na kumpandisha homa hata kabla hajajua kwamba anaumwa. Ya pili ni maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mtu aliyewahi kupooza yaweza kuja bila maumivu yoyote, na ya tatu ni ya mapafu. Joto la mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, hukausha maji mwilini mwa mtu anayeogopa kunywa kwa sababu kwenda chooni ni kazi, na kuharisha au kutapika humaliza maji na chumvi kwa pamoja. Vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo navyo, vikimezwa wakati wa kuharisha, vyaweza kulishusha shinikizo kupita kiasi, na hilo si sababu ya mtu kuviacha kwa uamuzi wake bali ni sababu ya kumwona mganga siku hiyohiyo. Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila karatasi ya daktari vinastahili onyo la pekee, maana jamaa humpa mgonjwa asiyelala kwa nia njema, kisha kesho yake hushangaa kumwona amepooza tena.

Pamoja na hayo yote, hakuna mtu awezaye kutofautisha nyumbani, kwa macho matupu, dalili za zamani zilizorejea na kiharusi kipya kinachoanza, na hata daktari huhitaji vipimo, pengine na picha ya ubongo. Aliyewahi kupata kiharusi kimoja yuko katika hatari kubwa kuliko wengine ya kupata cha pili. Kwa hiyo udhaifu wowote unaokuja ghafla, kwa dakika au saa, ni dharura: uso unaopinda upande mmoja, mkono usioinuka, maneno yanayokwama au yasiyoeleweka, kutoona kwa jicho moja au upande mmoja, kichwa kinachouma kwa namna isiyowahi kutokea, na zaidi ya yote, udhaifu katika upande ambao haukuguswa mara ya kwanza. Saa ya kuanza kwa dalili iandikwe, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Kuna pia kifafa kinachotokana na kovu la kiharusi, ambacho huweza kuanza miaka mingi baadaye na kuacha mkono au mguu umelegea kwa saa kadhaa baada ya degedege. Aliyeona degedege hilo anapaswa kulieleza, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huwa hakumbuki.

Tofauti kabisa na hayo ni udhaifu unaokuja polepole, kwa miezi au miaka, bila siku ya kuanzia. Huu mara nyingi hautoki katika ubongo bali katika misuli yenyewe. Msuli usiotumiwa hupungua, na mtu aliyemaliza mazoezi ya hospitali baada ya miezi michache, akabaki amekaa kitini kwa sababu watoto wake wanamhurumia na kumletea kila kitu, hupoteza nguvu mwaka hadi mwaka, juu ya ule upungufu ambao umri humletea kila binadamu. Misuli ya upande ulioathirika pia huwa na mkazo, yaani hukaza yenyewe bila kuamriwa, hata kiwiko kikakunjika na kisigino kikakataa kugusa chini. Mkazo huo ukiachwa bila kunyooshwa, msuli hufupika na kiungo hukakamaa, na wagonjwa wengi husema kwamba baridi ya mwezi wa sita na wa saba huuzidisha. Bega nalo huuma, hasa likivutwa na wasaidizi wanaomwinua mgonjwa kwa kumshika mkono dhaifu, jambo ambalo halipaswi kufanywa hata mara moja: ashikwe kiunoni au chini ya mgongo. Mwendo wa kuburuza mguu hugharimu nguvu nyingi, hadi mara mbili ya mwendo wa mtu mzima wa afya kwa umbali uleule, na kwa hesabu hiyo anayetembea kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi amefanya kazi ya safari mbili, ingawa hakuna anayemhesabia.

Uchovu wa baada ya kiharusi ni jambo jingine tena, na ndilo linaloonewa zaidi kwa kutoeleweka. Tafiti za nchi mbalimbali hukadiria kwamba karibu nusu ya walionusurika wanao, wengine kwa miaka mingi, na la kushangaza ni kwamba ukali wake haufuati ukubwa wa kiharusi, kwa kuwa mtu ambaye mkono na mguu wake vimerudi kabisa anaweza kuchoka kuliko yule anayetembea kwa fimbo. Si uchovu wa aliyelima. Ule hupungua kwa kupumzika, lakini huu huja bila kazi, hupunguza fikra na maneno pamoja na nguvu za mwili, na huweza kumwangusha mtu baada ya jambo linaloonekana dogo, kama kukaa katika matanga yenye kelele, kufuata maongezi ya watu wengi kwa wakati mmoja, au kumaliza misa ndefu ya Jumapili. Sababu yake haijafichuliwa yote, lakini yaelekea ubongo wenye jeraha hutumia juhudi kubwa kwa kazi ambazo kabla zilijiendea zenyewe. Kwa kuwa hauonekani kwa jicho wala kwa kipimo cha damu, mke humwona mume amekuwa mvivu, wakwe humwona bibi harusi wa jana amekuwa na kiburi, na mgonjwa hujilazimisha siku moja ili kuthibitisha kwamba si mvivu, kisha hulala siku tatu. Hakuna dawa iliyothibitika kuuponya. Fluoksetini, dawa ya sonona iliyotarajiwa sana, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 3,000, matokeo yakatolewa mwaka 2018, na haikuwaongezea uwezo wa kujitegemea.

Kabla uchovu huo haujapewa jina la kiharusi, hata hivyo, ni wajibu kuziondoa sababu nyingine ambazo hutibika, na hapa kituo cha afya kidogo kina uwezo mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kupima shinikizo la damu, kupima malaria, kupima sukari, kupima wingi wa damu ili kujua kama kuna upungufu wake, na kuuchunguza mkojo ni mambo ambayo hayahitaji safari ya Lubumbashi, na kila moja kati yake huweza kufichua chanzo cha udhaifu uliokuwa ukiitwa uzee. Sonona, yaani huzuni nzito inayomnyima mtu hamu ya kula, ya kulala na ya kuishi, humpata karibu mtu mmoja kati ya watatu walionusurika, nayo hutibika. Wengi pia hukoroma na kukatika pumzi usingizini bila kujua, wakaamka wamechoka, na mwenye kulijua hilo ni yule anayelala naye chumba kimoja. Dawa nazo zikaguliwe, kwani baadhi ya dawa za shinikizo humlegeza mtu, na zile za kupunguza mafuta katika damu huweza kuumiza misuli ya wachache.

Njia ya kuishi na uchovu uliobaki baada ya uchunguzi huo ni kuigawa siku upya. Kinachosaidia ni kupumzika kabla ya kuchoka, kwa muda mfupi na kwa saa zinazojulikana, badala ya kungoja kuanguka. Kuweka kazi nzito moja tu asubuhi, wakati nguvu zipo. Kupika sombe au kusonga bukari akiwa ameketi juu ya kiti imara, si kwa kuinama. Kumwachia mtu mwingine bidoni la maji na gunia la makala. Na kwenda shambani saa za mapema katika miezi ya kupanda, akirudi kabla jua halijawa kali. Kulala kitandani mchana kutwa hakusaidii, kwani huongeza udhaifu wa misuli, na udhaifu huongeza uchovu.

Dawa kubwa ya udhaifu wa polepole ni mazoezi, na hakuna mwaka ambao mtu ameambiwa kwa haki kwamba amechelewa. Zamani iliaminiwa kwamba kuutumia kwa nguvu msuli wenye mkazo huuzidishia mkazo, lakini tafiti hazikuiunga mkono hofu hiyo. Kusimama kutoka kitini na kuketi tena mara nyingi kadiri mtu awezavyo, kupanda na kushuka kizingiti cha mlango akishika ukuta, kutembea kila siku kwa mwendo unaoharakisha pumzi lakini unaoruhusu kuongea, na kunyoosha vidole, kifundo na kisigino asubuhi na jioni, ni mazoezi yasiyohitaji mashine. Mkono dhaifu upewe kazi za kweli, kama kuchambua maharagwe au kukunja nguo, maana mkono mzima una tabia ya kuzinyakua kazi zote. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, likiwa na watu 222, ambapo karibu nusu yao walizuiwa kuutumia mkono mzima kwa majuma mawili wakifunzwa kuutumia ule dhaifu, lilionyesha nafuu iliyodumu kwa mwaka na zaidi. Anayeanza upya baada ya miaka ya kukaa aanze na dakika tano, na maumivu ya kifua au kizunguzungu yamsimamishe.

Shinikizo la damu halina nafasi ya majadiliano. Jaribio la kimataifa lililotangazwa mwaka 2001, likiwa na watu 6,105 ambao kiharusi chao kilikuwa cha hadi miaka mitano iliyopita, lilionyesha kwamba vidonge vya kulishusha vilipunguza viharusi vya pili kwa asilimia 28. Vidonge hivyo humezwa maisha yote, hata siku mtu anapojisikia mzima, na samaki wa chumvi pamoja na vidonge vya kukolezea mchuzi vinastahili kupunguzwa katika sufuria ya nyumba yenye mgonjwa. Aspirini ni jambo la daktari kuamua, kwani humfaa aliyezibwa mshipa na huweza kumdhuru aliyepasukiwa.

Zaidi ya dawa na mazoezi, mgonjwa huhitaji watu wa kumsaidia. Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, alipatwa na kiharusi mwaka 1868 akiwa na miaka 45, na upande wake wa kushoto haukupona kabisa. Chanjo ya kichaa cha mbwa, aliyoijaribu kwa mtoto mwaka 1885, ilikuja miaka 17 baadaye, na mwaka 1887 alishambuliwa tena kabla ya kufariki mwaka 1895. Aliweza kuendelea na kazi yake kwa kuwa wasaidizi wake walifanya kazi za mikono, naye mkewe, Marie, aliandika aliyoyatamka. Hakuna aliyedhani kwamba kusaidiwa hivyo kulimpunguzia heshima.

Familia za Sakania hutoa msaada wa aina hiyo kila siku, lakini zisiachiwe peke yao. Nchini India, katika hospitali 14, jamaa za wagonjwa 1,250 walishirikishwa katika jaribio ambamo nusu yao walifundishwa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi nyumbani, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti katika vifo wala katika utegemezi. Somo la haki katika matokeo hayo si kwamba jamaa hawafai, bali kwamba mafunzo ya siku chache hayawezi kuchukua nafasi ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayeitwa kine katika hospitali za Kongo, ambaye angemwona mgonjwa tena baada ya miezi sita, baada ya mwaka, na kila uwezo unapobadilika. Shirika la Afya Duniani linakiri kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaohitaji huduma hii hawaipati. Watu wa kujitolea wa afya ya jamii, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba katika zona za afya za Kongo kuulizia chanjo na malaria, wangeweza kupewa mashine ya kupimia shinikizo na orodha fupi ya maswali kwa waliowahi kupata AVC.

Lililo mikononi mwa familia tangu leo ni daftari. Ndani yake yaandikwe, siku ambayo mgonjwa yu katika hali yake njema, mara ngapi anaweza kusimama kutoka kitini kwa nusu dakika, anatumia muda gani kutoka mlangoni hadi barabarani, mkono dhaifu unafika wapi, anameza dawa gani na kwa kipimo gani, na shinikizo lake lilikuwa ngapi. Kisha yaandikwe tena kila baada ya miezi mitatu. Mganga wa Sakania, wa Lubumbashi au wa Ndola, ambaye hajapata kumwona mtu huyu, ataweza kwa kurasa hizo kujua ndani ya dakika chache kama udhaifu ulio mbele yake ni wa miaka yote, wa miezi mitatu, au wa asubuhi hiyo.